Udongo Mkongwe Si Jengo Kongwe

Ndugu wasikilizaji, hamu ya kugundua jambo jipya kuhusu watu wa kale siilaumu hata kidogo. Ninalolia nalo ni pupa: tunameza tarehe kabla ya kuuliza ni kitu gani kilichopimwa.

Tazameni Gunung Padang, kilima chenye matuta ya mawe huko Java Magharibi, Indonesia. Oktoba 2023 jarida la Archaeological Prospection lilichapisha makala iliyodai kwamba tabaka za chini za kilima hicho ni kazi ya mikono ya watu, na kwamba zina zaidi ya miaka 16,000. Habari ikavuma. Machi 2024 jarida likaifuta makala hiyo.

Kosa lilikuwa wapi? Si lazima liwe maabarani. Umri ulipimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni ambayo kiumbe kikishakufa hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, nayo hupimwa katika kitu kilichowahi kuwa hai. Ukipima mkaa uliokutwa ndani ya jiko la kale, unajua kuni zile zilikuwa mti hai lini, na jiko lenyewe ni ushahidi kwamba mtu alikuwapo. Gunung Padang walitoboa, wakatoa udongo, wakapima mabaki ya viumbe yaliyomo. Udongo ule haukuambatana na chombo wala alama yoyote ya kuaminika ya mkono wa binadamu. Kwa hiyo tarehe yaweza kuwa sahihi kabisa na dai likaanguka vilevile, maana udongo hukaa ardhini maelfu ya miaka bila kujengwa na mtu.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, wengi walikuwa wameshahamia Giza, mji wa piramidi huko Misri: nguzo zenye kina cha mamia ya mita chini ya piramidi ya Khafre, zilizosemekana kuonekana kwa rada ya setilaiti. Mawimbi ya rada hufifia upesi sana ndani ya mwamba. Watafiti wale walieleza kwamba wao husoma mitetemo midogo ya jengo. Sawa, lakini njia mpya huanza kwa jaribio la wazi: ielekezwe kwenye shimo ambalo kina chake kinajulikana, na anayesoma picha asiambiwe liko wapi. Likikosewa, hakuna haja ya kuzungumzia nguzo.

Linganisheni na piramidi ya Khufu, jirani yake. Mradi wa ScanPyramids ulianza 2015 ukitumia miuoni, chembe zinazozaliwa juu angani na kupenya mawe. Palipo na mawe machache hupita nyingi zaidi. Filamu maalumu zilikaa ndani ya piramidi kwa miezi. Zilipoonyesha ziada ya chembe upande mmoja, vikaletwa vipimaji vya aina nyingine mbili, vya timu nyingine, kimoja kikiwa nje kabisa ya piramidi. Vyote vitatu vilipoafikiana ndipo wakatangaza, Novemba 2017: pana uwazi wenye urefu wa angalau mita 30. Ujia mwingine, wa mita 9 hivi upande wa kaskazini, ulithibitishwa 2023 kwa kamera nyembamba iliyopitishwa kati ya mawe.

Ule mkubwa wameuita uwazi. Hawakuuita chumba, kwa sababu miuoni huonyesha mahali mawe yalipopungua, na haionyeshi aliyepaacha wazi alitaka nini.