Jiwe Lisilojulikana Lilikotoka: Mhadhara Kuhusu Vinundu vya Opali ya Kawaida

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika jioni hii licha ya msongamano wa magari jijini. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitalisema tena kwa sababu bado naletewa mifuko ya mawe isiyo na hata kikaratasi kimoja ndani yake: kinundu cha opali, yaani donge la jiwe hilo lililoganda ndani ya mwamba, kilichookotwa bila kuandikwa kilikotoka kimepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na aliyekiokota ndiye aliyeipoteza.

Nazungumzia opali ya kawaida, ile nyeupe kama maziwa, ya manjano au ya kahawia, isiyometameta rangi za upinde wa mvua. Najua mtu ataniuliza: ikiwa sonara hainunui, tuiandikie nini? Swali hilo linanichosha, kwa kuwa linadhani kwamba kazi ya jiwe ni kuvaliwa tu. Opali ya thamani, ile inayometameta, na opali ya kawaida zina asili moja, yaani silika, ile ile iliyo nyingi katika mchanga, iliyofungamana na maji. Mwaka 1964 watafiti wa Australia walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba opali inayometameta imejengwa kwa vitufe vya silika vinavyolingana, vilivyopangika safu kwa safu, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha nanometa (sehemu ya bilioni ya mita) 150 hadi 300 hivi, na mpangilio huo ndio unaoutawanya mwanga ukawa rangi. Katika opali ya kawaida mpangilio huo haupo. Basi.

Sasa tuje kwenye maji. Bonde letu la Ufa limejaa majivu na kioo cha volkano. Mvua inapopenya humo, maji hukolea magadi njiani, na maji yenye magadi makali huyeyusha silika kwa wingi. Kioo hicho, ambacho silika yake haina fuwele, huyeyuka kwa urahisi kuliko kwatzi, yaani silika yenye fuwele: katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, lita moja ya maji ya kawaida huweza kubeba miligramu 120 hivi za silika isiyo na fuwele, ilhali silika itokayo kwenye kwatzi haizidi sana miligramu 10. Maji hayo yakifika penye uwazi, uwe tundu lililoachwa na gesi ndani ya lava, ufa, au nafasi ya mzizi uliooza, kisha yakatulia, yakapungua kwa kukauka au yakapoteza ukali wa magadi, silika hushindwa kuendelea kubaki ndani yake. Hujikusanya, huwa nzito kama uji unaopoa, kisha huganda, na kinundu huchukua umbo la tundu lililokihifadhi. Kwa hiyo ganda la mwamba lililokishika kinundu si takataka ya kugongwa kwa nyundo. Kwa ganda hilo tunajua maji yalipita katika mwamba gani.

Nilijifunza hayo kwa uchungu. Nikiwa kijana nilishuka bondeni upande wa Magadi, nikarudi na vinundu kumi na viwili, kila kimoja kama yai la kuku. Nilivunja maganda yote, nikaviosha, nikavianika juu ya bati. Siku ya tatu vilikuwa vimejaa nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Opali hubeba maji, kwa kawaida asilimia 3 hadi 10 ya uzito wake na mara nyingine hata 20, na yakitoka kwa haraka jiwe hupasuka. Hilo lilinihuzunisha, lakini lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Mwalimu wangu alikitazama kinundu kimoja chenye tabaka nyembamba za kahawia, zilizonyooka kama maji yaliyotulia ndani ya beseni, akaniuliza ni upande upi uliokuwa chini kilipokuwa ardhini. Sikujua. Akaniuliza kama kilitoka katika majivu au katika lava. Sikujua, kwa maana ganda nilikuwa nimelivunja. Tabaka zile zingeweza kutuonyesha kama mwamba umeinama tangu siku ile silika ilipoganda. Alikirudisha mkononi mwangu bila neno. Nilirudi bondeni mara nne kupatafuta mahali pale, sikupaona.

Kwa hiyo nawasihi: kabla ya kukigusa kinundu, kipige picha kikiwa bado mwambani, chora mshale unaoonyesha upande wa juu, chukua vipimo vya mahali kwa simu yako, na uandike namba moja kwenye jiwe na kwenye daftari. Kifunge katika gazeti lenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, kisha uufungue mfuko kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Mwingine atasema kwamba vinundu vya mlima mmoja vyote ni sawa. Sivyo hata kidogo. Huko Wollo, Ethiopia, karibu na Wegeltena, ambako opali iligunduliwa mwaka 2008, opali hupatikana katika tabaka jembamba, kwa kawaida lisilofika mita moja, lililo ndani ya mfululizo mnene mno wa miamba ya volkano. Anayelijua tabaka hulifuata kandokando ya genge kwa kilomita nyingi. Asiyelijua huchimba bure.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi tu: chuma huleta manjano, wekundu na kahawia, na nikeli huleta kijani, kama ile opali ya Haneti nchini Tanzania. Kuhusu sheria, kumbukeni kwamba hapa Kenya, chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba lako. Ulizeni kabla ya kuchimba, wala msiokote chochote ndani ya hifadhi.

Nilikusudia kuzungumzia diatomaiti ya Kariandusi, ambayo ni maganda ya mwani yaliyojengwa kwa opali, lakini muda umekwisha. Mizani iko pale mezani. Tutalipima jiwe likiwa kavu, tulipime tena likiwa limening'inizwa majini, kisha tugawe uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Likitoa 2.1 hivi, huenda ni opali, likitoa 2.6, yaelekea ni kalsedoni, jiwe jingine la silika, lenye fuwele ndogo mno. Wenye mawe wasogee, na kila mmoja aje na daftari lake.