Hewa safi ndani ya jengo: anayekula umeme ni feni

Haya, wa nyuma mnanisikia? Poa. Nianze na swali maana humu naona mameneja wa majengo na mafundi wa viyoyozi pia. Ukiambiwa usafishe hewa ya jengo la ghorofa kumi, unawaza nini kwanza? Ehee, filta. Kila mtu anasema filta, tena anataka ile kali kabisa, HEPA, inayonasa 99.97% ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sina ugomvi na HEPA, ila vumbi kulinasa sio kazi, kazi ni kuisukuma hewa ipite pale, na anayesukuma ni feni, kutwa nzima, na mita ya umeme inahesabu.

Kuna jengo moja nilienda, silitaji, walichomoa filta za kawaida wakapachika za kubana sana kwenye mtambo uleule wa zamani, feni ileile, spidi ileile. Bili ikashuka kidogo, uongozi ukafurahi, kumbe hewa haipiti bana! Feni nyingi za kwenye mitambo ile ukiziziba hazihangaiki, zinapitisha hewa kidogo tu na umeme unapungua, kwahiyo watu wa juu wanasinzia mchana na ofisi inanuka huku makaratasi yanaonyesha filta ni za hali ya juu.

Hesabu ndogo sasa, msikimbie. Kizuizi cha filta, yaani inavyoipinga hewa isipite, tunakipima kwa paskali, kipimo cha shinikizo. Ukipitisha hewa mita moja ya ujazo kwa sekunde kwenye kizuizi cha paskali 100, na feni na mota yake ufanisi wake ni nusu, filta peke yake inakula wati 200. Ikijaa vumbi ikafika paskali 250 na wewe bado unataka hewa ileile, ni wati 500. Jengo kubwa linataka mita kama hizo nyingi tu, zidisheni wenyewe.

Ndio maana mimi naangalia hewa safi inayopatikana kwa saa, yaani inayopita mara asilimia inayonaswa. Filta ya MERV 13 (MERV ni daraja la uwezo wa filta kunasa chembe) inanasa angalau 50% ya chembe za mikroni 0.3 mpaka 1, mtu anaguna, nusu tu? Lakini hewa ya ndani inazunguka, iliyoponyoka sasa hivi inarudi tena baadae. Filta ya nusu ikipitisha mita za ujazo 2,000 kwa saa unapata safi 1,000, HEPA ikibanwa mpaka ikapitisha 600 unapata hizohizo 600. Chumba cha upasuaji ni habari nyingine, huko msilete ubahili.

Naam dada, umeuliza tufanyeje. Nafasi kwanza. Chukua filta zenye mikunjo mirefu, eneo liwe kubwa, hewa ipite taratibu, kizuizi kinashuka chenyewe. Halafu mota ifungiwe kifaa cha kubadilisha spidi, maana umeme wa feni unafuata spidi kwa kipeo cha tatu, punguza spidi 20% unabaki na kama 51% ya umeme, na hapo ndio pesa ilipo jamani, sio kwenye kubishana HEPA au sio HEPA. Ukumbi wa mikutano ukiwa mtupu feni inakimbilia wapi? Weka sensa ya kabonidioksaidi, nje ni kama sehemu 420 kwa milioni, ndani ikipanda sana ujue watu wamejaa, ongeza hewa. Ila sensa hiyo haioni moshi wa magari, unaweza ukafungulia hewa ya nje saa ya foleni ukaingiza masizi mwenyewe, kwahiyo weka na ya PM2.5, yaani ya chembe ndogo za mikroni 2.5 kushuka chini.

Harufu za rangi na gundi za samani hazinaswi na HEPA wala MERV, hizo zinataka filta ya kaboni. Na zile mashine za kurusha ayoni, nyingine zinatoa ozoni, na ozoni inawasha mapafu, mimi siziweki.

Kabla hujanunua chochote kesho, zima feni, fungua mlango wa mtambo, fundi mmoja amulike tochi upande wa pili wa filta. Mwanga ukipenya pembeni ya fremu, na hewa inapita hapohapo bila kuchujwa. Zibeni kwanza hapo, halafu tuongee filta gani.