Tunashukuru kwa Ndui Isiyotupata

ZUHURA: Karibuni tena. Deo, umewahi kumshukuru Mungu kwa ugonjwa ambao hukuugua?

DEO: Nikipona malaria nashukuru. Nisipougua, da Zuhura, nitakumbuka saa ngapi?

ZUHURA: Ndiyo hapo. Basi likipinduka nawe umeshuka kituo cha nyuma, utasimulia mwaka mzima. Ndui je? Nani anaiwazia?

DEO: Mimi si nina alama yake hapa begani!

ZUHURA: Hebu tuone. Hiyo ni ya kifua kikuu, bwana! Wewe wa mwaka 1992, chanjo ya ndui ilikuwa imeshaachwa zamani. Wenye alama hiyo ni kina mama yako mkubwa.

DEO: (anacheka) Na ninavyotamba nayo!

ZUHURA: Ndui iliua watu kama 3 katika kila 10 walioipata. Waliopona, wengine walitoka vipofu, uso umejaa makovu. Inakadiriwa kwamba karne ya 20 peke yake iliondoka na watu wasiopungua milioni 300. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imekwisha.

DEO: Na wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani hii hii, Msomali wa Merca.

ZUHURA: Ali Maow Maalin. Simulia wewe.

DEO: Alikuwa mpishi hospitalini. Oktoba 1977 likaja gari lenye watoto wawili wagonjwa wa ndui, dereva njia haijui. Ali akapanda kumwelekeza, mwendo wa dakika chache tu. Baadaye homa ikampanda, wakasema malaria. Vipele vikatoka, wakasema tetekuwanga.

ZUHURA: Na hakuwa amechanjwa?

DEO: Wapi! Mtu anafanya kazi hospitali, chanjo anaikwepa. Alikuja kueleza mwenyewe kwamba aliogopa maumivu.

ZUHURA: Ndiyo maana habari hii siichoki. Huwa tunashukuru kana kwamba balaa limejipitia lenyewe. Ndui haikujipitia. Watu walizunguka nyumba kwa nyumba na kisindano cha ncha mbili kama uma, wanamsaka kila aliyekaa karibu na mgonjwa, wanamchanja. Waliokutana na Ali nao walisakwa hivyo hivyo, na hakuambukiza hata mmoja.

DEO: Sasa ukiwashukuru hao, Mungu umemweka wapi? Bibi yangu angekukemea.

ZUHURA: Bibi yako akila pilau anasema alhamdulillahi, halafu anamuuliza mpishi kaweka viungo gani. Hajamkosea mtu.

DEO: Haya, hapo umenikamata. Ila Ali naye alipona, na hakukaa kimya. Aliingia kwenye kampeni ya polio huko huko Somalia. Mama akikataa mwanawe asichanjwe, Ali anamsimulia yaliyomkuta yeye kwa kuikimbia sindano. Akafariki mwaka 2013, polio imerudi nchini na yeye yumo kazini.

ZUHURA: Kwa ugonjwa gani?

DEO: Malaria.

ZUHURA: Ile waliyomsingizia mwanzo! Jamani.

DEO: Kweli tena.

ZUHURA: Msikilizaji, kama kwenu kuna mzee aliyeiona ndui, muulize: mgonjwa alitengwa wapi, nani alimpelekea uji? Mrekodi kwa simu, ututumie.

DEO: Na usimharakishe. Akitaka kuanzia kwenye harusi yake, mwache aanzie huko.