Kitufe mezani: kuandika draiva ya kerneli ya Linux

ZUBEDA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Tuko Kampala, mvua inapiga mabati, kwa hiyo mkisikia kelele mtuvumilie. Mimi ni Zubeda, niko na kaka Opio, na leo kaleta kitufe tukiandikie draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukisimamia kifaa.

OPIO: Kitufe, nyaya mbili na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Ni hayo tu, dada.

ZUBEDA: Ni vile vidogo vya miguu minne. Umekichomeka kwenye bredibodi, ubao wa kuchomekea nyaya, waya mmoja umeingia pini ya 11, mwingine pini ya 9.

OPIO: Pini ya 11 ndiyo GPIO 17, pini ya kuingiza na kutoa ishara, na ya 9 ni graundi, yaani volti sifuri. Angalia miguu lakini. Ile minne imeungana ndani miwili miwili. Ukichagua miwili iliyoungana, kompyuta itaona kitufe kimebonyezwa tangu asubuhi hadi jioni. Chukua ya mshazari, hutapotea.

ZUBEDA: Sasa nianze na ubishi. Mistari michache ya Python inaisoma hiyo pini. Kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, ya nini?

OPIO: Kwa kazi nyingi Python inatosha, sitabisha. Tofauti ni hii: ukisoma pini kwa Python, kitufe kinajulikana na programu ile peke yake. Kikisimamiwa na kerneli kupitia mfumo wa ingizo, kompyuta inakihesabu kuwa ni kibodi yenye kitufe kimoja. Kivinjari kitakipokea, terminali itakipokea, na programu ambayo bado hujaiandika nayo itakipokea. Hakuna hata moja inayohitaji kuambiwa habari za pini 17.

ZUBEDA: Mafunzo mengi niliyoyaona hayaendi huko. Yanatengeneza faili ndani ya /dev, folda ya vifaa, programu inalisoma, inapata sifuri au moja.

OPIO: Kwa kujifunza ni sawa, utaelewa jinsi data inavyotoka kwenye kerneli kwenda kwa programu. Ila ukimpelekea mtu kifaa cha namna hiyo, umemlazimisha ajifunze lugha yako binafsi. Kerneli tayari ina lugha ya vitufe. KEY_ENTER ni namba 28, KEY_POWER ni 116. Kubonyeza ni 1, kuachia ni 0. Kwa nini ubuni yako?

ZUBEDA: Haya, tuifungue. Naona faili moja la lugha ya C na Makefile, faili la maagizo ya kujenga, fupi sana.

OPIO: Makefile kiini chake ni mstari mmoja, obj-m += kitufe.o. Huhitaji kupakua kerneli nzima, itamaliza MB zako bure. Unahitaji faili za vichwa tu, za toleo lilelile linaloendesha mashine. Andika uname -r ujue ni lipi. Toleo likipishana, insmod, amri ya kupakia moduli, yaani draiva iliyojengwa, inakataa na kusema muundo wa moduli si halali, na watu wanaanza kutafuta kosa ndani ya msimbo wakati msimbo hauna neno.

ZUBEDA: Na hii MODULE_LICENSE("GPL") mwishoni? Nilidhani ni adabu tu.

OPIO: Si adabu. Kuna kazi za kerneli ambazo zimefungwa kwa moduli zenye leseni ya GPL, ile ya programu huria. Ukiweka leseni isiyolingana na GPL, hizo huzipati, na kerneli inajiwekea alama kwamba imechafuliwa. Siku ukienda kuripoti hitilafu, wataalamu wakiiona alama hiyo wengi hawatakusikiliza.

ZUBEDA: Pini yenyewe iko wapi humu? Nimetafuta 17 siioni.

OPIO: Haimo kwenye C, na ni makusudi. Iko kwenye maelezo ya vifaa, lile faili linaloiambia kerneli ubao una nini na kiko wapi. Pale nimeandika kwamba kuna kitufe, kiko GPIO 17, na kinafanya kazi chini-chini, yaani kikibonyezwa volti inashuka. Draiva inaomba tu, nipe pini ya kitufe, kwa devm_gpiod_get.

ZUBEDA: Wengine wanaandika gpio_request(17) moja kwa moja.

OPIO: Huo ni mtindo wa zamani. Na kwenye Raspberry Pi umeshawachoma watu. Kuanzia kerneli 6.6, hesabu ya jumla ya pini haianzii sifuri tena, inaanzia 512. Ile 17 yako, kwenye Pi 4 kwa mfano, sasa ni 529. Mafunzo yaliyofanya kazi vizuri miaka na miaka, leo unayafuata neno kwa neno na yanagoma. Ukipitia maelezo ya vifaa, hesabu hizo hazikuhusu.

ZUBEDA: Na hapo kwenye chini-chini nipe kidogo. Kitufe kinaelekea graundi, sasa volti ya juu inatoka wapi?

OPIO: Ndani ya chipu kuna resista inayoivuta pini juu, hadi volti 3.3. Kitufe kikiwa wazi, pini inasoma juu. Ukibonyeza unaiunganisha na graundi, inaanguka. Kwa kuwa nimeandika kwamba kinafanya kazi chini-chini, gpiod_get_value inaniletea 1 wakati kimebonyezwa. Sihitaji kugeuza kichwani. Pini isiyovutwa popote inaelea, hata kidole chako kikipita karibu inabadilika.

ZUBEDA: Tufike kwenye utamu sasa. Interapti.

OPIO: Ndiyo. Njia ya kivivu ni kuiuliza pini kila mara, umebonyezwa? Umebonyezwa? Kwa interapti unaiachia chipu ikuite pini inapobadilika. Unachukua namba kwa gpiod_to_irq, unajisajili kwa devm_request_irq, na unaomba uitwe inaposhuka na inapopanda. Ukiomba kushuka peke yake, hutajua mtu ameachia lini.

ZUBEDA: Toleo la kwanza umeliwekea nini? Nataka wasikilizaji wasikie.

OPIO: Pr_info moja tu. Kila interapti iandike mstari kwenye logi. Naiwasha dmesg -w, inayoonyesha logi hiyo, wewe bonyeza. Mara moja, taratibu.

[Kitufe kinabonyezwa.]

ZUBEDA: Mara moja. Na... ssebo, hii ni mistari mingapi? Sita!

OPIO: Sita. Na bado hujaachia.

ZUBEDA: Nimeachia. Imeongeza minne.

OPIO: Angalia zile namba za muda upande wa kushoto. Zote zimo ndani ya milisekunde chache. Kitufe ni vipande vya chuma vinavyogongana, na chuma kikigonga chuma kinaruka. Kwako wewe ni mguso mmoja. Kwa chipu ni gusa, achia, gusa, achia, mpaka kitulie. Hata cat /proc/interrupts itakuonyesha hesabu imepanda vilevile.

ZUBEDA: Kuna msikilizaji wa Arua alituandikia, anataka kuhesabu majerikeni kwenye kioski cha maji. Kila jerikeni la lita 20 likijaa, mhudumu anabonyeza. Kwa draiva hii mama mmoja ataondoka na jerikeni moja na deni la sita.

OPIO: Na kioski kitafungwa kwa ugomvi. Dawa ni kungoja kitufe kitulie ndipo usome. Lakini hapa ndipo penye mtego. Mtu anasema, rahisi, naweka msleep, amri ya kulala, ya milisekunde 10 ndani ya kishughulikiaji cha interapti, ile kazi inayoitwa pini inapobadilika.

ZUBEDA: Si ndivyo?

OPIO: Sivyo kabisa. Ndani ya interapti hakuna kulala. Pale hakuna mchakato ambao kerneli inaweza kuuweka pembeni na kuurudia baadaye. Umeikatiza kazi ya mwingine katikati, inakungoja. Ukilala, logi inajaa "scheduling while atomic", na mashine inaweza kuganda papo hapo. Vilevile huwezi kushika mutex, aina ya kufuli, wala kuita copy_to_user, inayonakili data kwenda kwa programu, maana navyo vinaweza kulala.

ZUBEDA: Kwa hiyo unafanyaje?

OPIO: Kishughulikiaji changu kina mstari mmoja wa maana, mod_delayed_work. Unaweka ahadi: baada ya milisekunde 10, fanya kazi ile. Interapti nyingine ikija kabla ya hapo, ahadi inasogezwa mbele. Ni kama konda pale Old Taxi Park. Kila akitokea abiria anayekimbia, anamwambia dereva ngoja. Wakiacha kutokea, gari linaondoka.

ZUBEDA: Na gari likiondoka?

OPIO: Kazi ile inaendeshwa nje ya interapti, ina ruhusa ya kulala. Inasoma pini, inaita input_report_key ikiwa na hali iliyosoma, halafu input_sync. Basi. Na kuna zawadi: ukiripoti hali ileile mara mbili, mfumo wa ingizo unaitupa ya pili wenyewe.

ZUBEDA: Ngoja, input_sync inafanya nini? Nikiisahau?

OPIO: Ni nukta ya mwisho wa sentensi. Programu zinazosikiliza zinangoja ile nukta ndipo zijue taarifa imekamilika.

ZUBEDA: Nimepakia toleo la pili. Nafungua evtest, programu ya kuonyesha matukio ya vitufe, nachagua kifaa... nabonyeza. KEY_ENTER, thamani 1. Naachia. Thamani 0. Safi.

OPIO: Sasa jambo ambalo huwa nagombana nalo na vijana. Mtu akishafika hapa anapata hamu. Anataka kitufe kizime kompyuta, basi anaingiza amri ya kuzima ndani ya draiva. Kerneli inaita programu ya nje, mashine inazima.

ZUBEDA: Na inafanya kazi.

OPIO: Inafanya, na ni vibaya. Draiva kazi yake ni kusema kitufe kimebonyezwa. Maana ya kubonyezwa si yake. Badilisha namba tu, badala ya 28 weka 116, KEY_POWER. Draiva haijui chochote zaidi. Huko juu systemd-logind, huduma ya mfumo nje ya kerneli, inasikiliza, inaona KEY_POWER, inazima kwa utaratibu. Kesho mwenye duka akisema watoto wanachezea kitufe, unafungua faili lake la mipangilio, logind.conf, HandlePowerKey unaiandika ignore, yaani puuza. Hujagusa C, hujajenga moduli upya.

ZUBEDA: Na huyu wa Arua naye, kuhesabu majerikeni...

OPIO: Asihesabu ndani ya kerneli. Umeme ukikatika hesabu yote imekwenda. Programu yake ya kawaida ipokee tukio, iandike kwenye faili au hifadhidata. Halafu kosa la programu linaua programu peke yake. Kosa la draiva linaondoka na mashine yote.

ZUBEDA: Kaka Opio, nikuulize kwa ukali kidogo. Hii draiva si tayari imo kwenye kerneli? Niliwahi kuona jina gpio-keys.

OPIO: [Anacheka.] Nilijua utafika hapo. Imo, drivers/input/keyboard/gpio_keys.c. Kuruka kwa kitufe inakushughulikia, chaguo-msingi ni milisekunde 5. Inaweza hata kuiamsha mashine iliyolala. Kwenye Pi ni mstari mmoja ndani ya config.txt, faili la mipangilio ya Pi: dtoverlay=gpio-key,gpio=17,active_low=1,gpio_pull=up,keycode=28. Unawasha upya, umemaliza.

ZUBEDA: Na sisi tumekaa hapa tunaandika C!

OPIO: Kwa kioski atumie gpio-keys, bila mjadala. Ile imepitiwa na macho mengi kuliko yetu. Yetu ni ya kufungua na kuharibu mezani. Ukishaiandika, nenda ukasome gpio_keys.c, utakuta mod_delayed_work imekaa palepale, na utajua imefuata nini.

ZUBEDA: Swali lake la mwisho lilikuwa la waya. Kitufe kiko bombani, kompyuta iko ndani, kama mita 10 hivi.

OPIO: Hapo resista ya ndani ya chipu ni dhaifu, ni kama kiloohmu 50. Waya mrefu ni antena. Pampu ikiwaka karibu, atapata mibonyezo ya mizimu. Aweke resista ya nje ya kiloohmu 4.7 kutoka kwenye pini hadi volti 3.3, na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi, karibu na ubao. Waya awe wa jozi iliyosokotwa, kitufe upande mmoja, graundi upande wa pili.

ZUBEDA: Anasema nyumbani ana chaja za volti 5 tele. Aweza kuivuta pini kwa hiyo?

OPIO: Hapana, hapana. Pini za Pi hazivumilii volti 5, ataichoma. Ni 3.3, ipo pini ya 1 ya ubao huohuo.