Gugumaji la Winam, Darasani

ATIENO: Karibuni tena. Wafula amekaa na wanafunzi wa jiografia hapa Kisumu, wakiwaeleza wenzao jinsi setilaiti zinavyoichunguza dunia, hata gugumaji, ule mmea unaoelea ziwani kwetu. Ilikuwaje, ndugu yangu?

WAFULA: Walinifurahisha mno. Waliweka picha ya Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, kwenye projekta, wakauliza: "Nani atatuonyesha ufuo wa Dunga?" Kijana mmoja akasogea, akaweka kidole, na darasa zima likaanza kubishana. Maelezo ya kitabuni yalikuja baadaye, watu wakiwa tayari wana hamu.

ATIENO: Picha yenyewe ina rangi za kawaida?

WAFULA: La. Ziwa ni jeusi, na juu yake mabaka mekundu. Msichana aliyekuwa akieleza akasema jani lenye afya hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ambao macho yetu hayauoni, ilhali maji huumeza karibu wote. Kompyuta huupa mwanga huo rangi nyekundu, basi gugumaji linajitokeza.

ATIENO: Lakini mafunjo ya Dunga nayo ni majani. Si yatakuwa mekundu vilevile?

WAFULA: Ndilo swali aliloulizwa, tena na mtu wa nyuma kabisa! Dada yule hakubabaika. Akafungua picha ya ghuba hiyohiyo, ya siku chache baadaye. Mafunjo yako palepale ukingoni, lakini mabaka mengine yamehama, upepo umeyasukuma. Setilaiti za Sentinel-2 hurudi kila baada ya siku 5 hivi, kwa hiyo unaweza kulifuata gugu linavyosafiri.

ATIENO: Mawingu yakiruhusu.

WAFULA: Hilo walilisema. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, ila walilipitia juujuu. Ningependa wangelikalia zaidi, maana masika huku kwetu anga hufunga.

ATIENO: Na zamani je? Miaka ya 90 gugu lilifunga fuo, mashua hazitoki.

WAFULA: Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, kabla gugu halijaenea ziwani, na tangu 2008 picha zake zote ni za bure. Hilo ndilo lililonigusa, Atieno. Mwanafunzi wa Ahero au Bondo mwenye bando anaweza kulichunguza ziwa la kwao mwenyewe, hangoji mtafiti atoke mbali.

ATIENO: Ila pikseli moja ya Sentinel-2, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10 ardhini. Vishada vidogo vitapotea humo.

WAFULA: Ndiyo maana Jumamosi wanakwenda Dunga pamoja, waliotoa mada na waliosikiliza. Watapiga picha ukingoni mwa gugu kwa simu zenye GPS, kisha walinganishe na picha ya setilaiti.

ATIENO: Wawaulize na wavuvi. Wale wanajua upepo wa mchana hulisukumia wapi.

WAFULA: Wameshamwomba mzee mmoja mwenye mashua awapeleke.