Darubini ya Kuwindia: Tuanze na Mwanga

Ndugu zangu wawindaji, asanteni kwa kuja. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Darubini yako inavuta mara ngapi?" Naamini swali hilo ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi.

Tazameni namba zilizoandikwa hapa: 8×42. Nane ni ukuzaji: mnyama aliye umbali wa mita 800 utamwona kana kwamba yuko mita 100. Ile 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mlango wa mwanga. Sasa gawanyeni 42 kwa 8. Mnapata 5.25, na hicho ndicho kipenyo cha kiduara cha mwanga kinachoingia jichoni mwako. Mchana kweupe mboni hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hata darubini ndogo hutosha. Lakini wanyama wengi tunaowafuata hutoka alfajiri na magharibi. Saa hizo mboni ya kijana huweza kufunguka hadi milimita 7. Ya mtu mzima hupungua kadiri miaka inavyosogea. Darubini ya 10×25 itakupa 2.5 tu. Jicho limefunguka, nayo inalinyima.

Tena, darubini inayovuta mara 10 huukuza na mtetemo wa mkono mara 10, na eneo unaloliona kwa mara moja huwa dogo. Msituni mimi huchukua 8. Uwandani, 10 ni nzuri. Ya 12 bila stendi ya miguu mitatu siishauri kabisa.

Ukishaipata, irekebishe ikufae wewe. Kunja bawaba mpaka maduara mawili yawe moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha ziba ya kushoto, usiguse tena gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia. Darubini nyingi ziko hivyo. Wenye miwani, shusheni vikombe vya macho.

Sasa kutazama kwenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Kaa chini, viwiko juu ya magoti. Ligawe bonde vipande, tulia kwenye kimoja kabla ya kuhamia kingine. Usitafute mnyama mzima, hutampata. Tafuta sikio linalotikisika, au mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo kila shina limesimama. Kuna kichaka nilikipita mara mbili kwa darubini nikaona matawi matupu. Mara ya tatu tawi moja likageuza kichwa.

Na hili nalisema kwa uchungu: darubini ya bunduki si ya kutafutia. Ukiitumia kutambua kinachotikisika majanini, mtutu tayari umekielekea, na huenda ni mtu aliyeinama. Tambua kwa darubini ya mkononi, bunduki ikiwa imeelekezwa pembeni. Ukiwa na shaka, isiguswe.

Nimeweka mbili hapa mezani, 8×42 na 10×25. Jua linazama. Tutoke nje, kila mmoja azielekeze kwenye kivuli cha miti ile, kwanza ndogo, halafu kubwa, kisha anieleze ameona nini.