Cicely Tyson: Mwigizaji Aliyejua Kukataa

Asanteni kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie maisha ya mwigizaji wa jukwaani na wa runinga, nami nimemchagua Cicely Tyson wa Marekani. Wengi wenu mnamjua kama yule bibi mwenye maneno makali, mama yake Annalise, yule wakili mhusika mkuu wa tamthilia ya runinga *How to Get Away with Murder*. Pale alikuwa ameshatimiza miaka 90. Sasa turudi nyuma.

Alizaliwa Harlem, New York, Desemba 1924. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, kule Karibi. Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, na sinema kwake ilikuwa dhambi tu. Binti aliyekuwa karani aliposema anataka kuigiza, mama alimfukuza nyumbani, wakakaa muda mrefu hawasemeshani. Naona wengine mnacheka; bila shaka wimbo huo mnaujua.

Mwaka 1961 aliingia kwenye *The Blacks*, mchezo wa mwandishi Mfaransa Jean Genet, katika ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse. Wenzake jukwaani? James Earl Jones, Maya Angelou, Louis Gossett Jr., wote majina makubwa baadaye! Mchezo ule ulioneshwa mara 1,408. Mwaka 1963 akaonekana kwenye tamthilia ya kituo cha runinga cha CBS, *East Side/West Side*, akiwa na nywele zake fupi za asili, hazijachomwa wala kutiwa dawa. Mwenyewe alisimulia kwamba wasusi waliandika barua kulalamika: wateja wao wanazikata nywele ili wafanane naye.

Kisha ikaja filamu ya *Sounder*, 1972, iliyompa uteuzi wa Oscar, tuzo kubwa ya filamu Marekani. Wakati wa kuitangaza, mwandishi mmoja wa habari, mzungu, alimwambia kuwa alijisikia vibaya kumsikia mtoto mweusi wa kwenye filamu akimwita baba yake "Daddy", jina lile lile ambalo wana wa mwandishi huyo humwita baba yao. Basi, hilo tu! Tyson alisema siku hiyo ndipo alipoamua kwamba kila uhusika atakaoupokea lazima uwe na la kumwambia mtu wa namna ile.

Hapa watu hukosea, husema alikataa kucheza watu wa chini. Si kweli. Kwenye *Sounder* ni mke wa mkulima fukara. Kwenye *Roots*, tamthilia ya runinga ya 1977 kuhusu utumwa, ni Binta, mama yake Kunta Kinte, kijana anayetekwa na kuuzwa Marekani; mwanamke wa kijijini Gambia. Ufukara haukumsumbua. Alichokikataa ni skripti inayomchora mtu mweusi kama kituko, asiye na utu wala akili. Na msidhani kukataa ni bure: kulimkalisha bila kazi vipindi virefu, huku wenzake wakipokea alichokikataa.

Mfano ninaoupenda ni *The Autobiography of Miss Jane Pittman*, filamu ya runinga ya CBS, Januari 1974. Tyson ana miaka 49, anamcheza mwanamke aliyezaliwa utumwani, kuanzia ujana hadi miaka 110. Mwishoni bibi huyu anakwenda kwenye bomba la maji la wazungu, ambalo mtu mweusi alikatazwa kunywa, nje ya jengo la mahakama. Hahutubii. Anatembea na mkongojo, polepole mno, askari wanamtazama, anafika, anainama, anakunywa. Filamu ile ilimpa Emmy mbili, tuzo za runinga za Marekani.

Habari za ndoa yake na Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz, mtaulizana nje. Zimeandikwa za kutosha.

Mwaka 2013 alirudi Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo ya kuigiza za New York, baada ya miaka 30, na mchezo wa Horton Foote, *The Trip to Bountiful*. Alipofika pale mhusika anapoimba tenzi ya *Blessed Assurance*, watazamaji walianza kuimba naye. Mwongozaji mwingine angekasirika, maana mtazamaji hakuandikiwa mstari. Hapa watazamaji waliachwa waimbe. Akachukua Tony, tuzo ya Broadway, akiwa na miaka 88, na 2015 akapanda tena jukwaani na James Earl Jones yule yule, wawili peke yao, katika *The Gin Game*. Alifariki 28 Januari 2021, siku mbili baada ya kitabu cha maisha yake kutoka.

Kabla ya maswali tutaangalia kile kipande cha bomba la maji. Uso uacheni kwanza, maana pale watu wa mekapu nao walifanya kazi kubwa, wakapewa Emmy yao. Tazameni miguu na mkongojo. Halafu mtaniambia ni wapi anapumzika, na kwa nini pale.